Fundi wa pampu anatakiwa idara ya mauzo: ahame au abaki?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni fundi wa pampu na sola, nina miaka 31, nimesoma umeme VETA na nimefunga pampu za visima huku Dodoma miaka 9 sasa. Kampuni yangu inataka kunihamishia idara ya mauzo, mshahara wa msingi unashuka toka laki 9 mpaka laki 6 afu naongezewa kamisheni ya asilimia 2. Shida yangu mi sio mtu wa maneno, naogopa ntageuka winga, na mke wangu ni mjamzito. Nihame au nibaki na spana zangu?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mama kijacho.

Nimesoma ujumbe wako mara mbili maana hapo ulipo na mimi nimeshawahi kukaa. Nilikuwa fundi wa majenereta miaka 7, nikahamia mauzo 2009, na mpaka leo ndo kazi inayonilisha, na miaka ya karibuni nafundisha pia vijana wanaotoka karakana kwenda kuuza. Kwa hiyo nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja. Hama, ila usihame kwa masharti hayo waliyokupa. Ntafika huko kwenye hela.

Kwanza hilo la kusema wewe sio mtu wa maneno, naona ndo limekukaa kifuani kuliko hata mshahara. Huku kwetu ukitaja mauzo mtu anamuona yule winga wa Kariakoo, dada njoo, kaka ingia uone, bei ya leo leo. Yule kazi yake ni nyingine kabisa. Anauza kitu ambacho mteja akikiona kwa macho anakijua, kiatu ni kiatu, na ana dakika 2 kabla hujavuka barabara, bila mdomo hapati kitu. Wewe utauza kitu ambacho mteja hakioni, kinazama mita 60 chini ya ardhi, na akikosea kuchagua hajui mpaka siku kinaungua. Mteja wa hivo hatafuti wa kumchangamsha, anatafuta wa kumwamini, na nimeona mara nyingi sana anayeaminiwa ni yule mpole anayesikiliza kuliko yule anayejaza maneno.

Ila kuna kitu lazima ukibadilishe, na hiki kilinigharimu mimi mwaka wa kwanza karibu wote. Fundi akiulizwa anajibu. Tumefundishwa hivo, mtu anasema mashine hailii wewe mkono uko kwenye bisibisi tayari. Nilitumwa kwenye lodge moja kaskazini, walikuwa wanataka jenereta, meneja akaniuliza swali moja tu, hili la kVA 60 litatutosha? Nikaanza. Nikaeleza pawa fakta, nikaeleza AVR, kile kifaa kinachoweka umeme wa jenereta sawa, nikaeleza kwanini mota za mafriji zikiwaka kwa pamoja umeme unashuka, nikachora na mchoro nyuma ya karatasi yake. Dakika kama 40 hivi, yeye anaitikia tu, ee, sawa dada, ee. Nikatoka naamini nimeshapata oda. Wiki 2 baadaye nikasikia wamenunua kwa kaka mmoja ambaye nakuhakikishia hajui AVR inafungwa wapi. Nikampigia meneja, nikamuuliza kwa adabu tu tulikosea wapi ili nijifunze. Akaniambia, dada wewe unajua sana, ila yule aliniuliza wageni wangu wanalalamikia nini.

Wageni walikuwa wanalalamikia kelele. Vyumba vya nyuma watu hawalali usiku. Na mimi stoo kwetu kulikuwa na jenereta lenye kava la kuzuia sauti, tena zuri, sikulitaja hata mara moja kwa sababu sikuuliza.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote ntakayoandika hapa ni kwamba hicho kipaji cha kuuliza unacho tayari, ila unakitumia kwenye visima tu. Fikiria ukipelekwa saiti unafanyaje. Huchagui pampu kabla hujapima. Unauliza kisima kina mita ngapi, maji yamekaa wapi, ukivuta yanashuka mpaka wapi, kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, tenki liko juu kiasi gani, unataka lita ngapi kwa siku. Mtu akikuambia nifungie tu pampu yoyote ya hosipawa 2 unakataa, unajua ataunguza. Basi mteja naye ni hivohivo, ana kina chake na ana kiwango chake, mpime kabla hujataja mashine.

Ngoja nikuonyeshe kwa karibu maana maneno matupu hayasaidii. Kuna mzee ana shamba la zabibu upande wa Hombolo, tulienda kwake na kijana niliyekuwa namfundisha. Kisima kipo, jenereta dogo la petroli lipo, linavuta maji kupeleka kwenye simtanki na kutoka hapo yanashuka kwenye mipira ya matone. Mzee hata hatujakaa anauliza, hiyo ya jua bei gani? Kijana akataka kujibu nikamgusa mguu. Nikasema baba, bei ntakuambia na sitakuficha, ila nisije nikakutajia ya kisima kisicho chako, naomba niulize kidogo. Jenereta mnawasha saa ngapi? Saa 12 asubuhi. Mnazima? Saa 4, siku nyingine saa 5. Mafuta anayafata nani? Kijana wangu, anapanda bodaboda. Yanaisha lita ngapi? Kama 5 hivi. Mnamwagilia siku ngapi kwa mwaka? Hapo mzee akanyamaza, akaanza kuhesabu vidole toka Mei mvua zikishaisha mpaka Novemba, akasema kama siku 150, ukitoa zile tunazopumzisha. Nikamuuliza, na likiharibika?

Mdogo wangu, hapo mzee akaweka kikombe chini. Akaanza kusimulia lilivyokufa Septemba, fundi alikuwa msibani, wakakaa siku 6 bila maji na zabibu ziko kwenye hatua mbaya, akatuonyesha na mistari miwili ya miti aliyong'oa. Sikusema kitu. Alipomaliza nikatoa daftari nikaandika mbele yake, lita 5 kwa siku, nikaichukulia lita sh. 3,000 kurahisisha hesabu, hiyo ni 15,000 kwa siku, mara 150 ni sh. 2,250,000 kwa mwaka, na hapo hatujaweka bodaboda, oili, plagi, wala ile mistari miwili. Nikamgeuzia daftari asome mwenyewe. Mfumo wake wa jua ulikuwa unakuja kama mil. 6.5, kwa hiyo karibu miaka 3 unakuwa umejirudisha kwa mafuta peke yake. Yeye ndo aliyetamka hiyo miaka 3, sio mimi.

Angeambiwa mil. 6.5 pale mlangoni angesema sawa kijana, ntakutafuta, na tungeondoka na vumbi letu.

Na ona hapo ufundi ulitumika wapi. Nyuma ya kile kidaftari kulikuwa na hesabu unazozijua wewe, lita 20,000 kwa siku kupanda mita 40, ukiweka na hasara za pampu na mota, na jua kali la masaa kama 5 kwa siku, unahitaji paneli za kama kilowati 1, ukiongeza joto na vumbi la Dodoma unaenda 1.3 mpaka 1.5. Hiyo hesabu mzee hakuihitaji. Aliihitaji iwe sahihi. Muuzaji asiyejua ufundi hapo anakisia au anapiga simu ofisini, wewe unaifanya umekaa kwenye kigoda cha mzee, na ndo maana kampuni yako inakutaka wewe.

Kuna usemi mafundi tunaupenda, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Mi naona umetuponza. Nimeona pampu nzuri kabisa zinaoza stoo na za ovyo zimejaa mashambani, kwa sababu aliyekuwa na ya ovyo alipanda gari akaenda kwa mkulima na mwenye nzuri alikaa ofisini akisubiri ijiuze. Mkulima aliyeunguza pampu tatu ndani ya miaka 2 hakuwa mjinga, hakufikiwa tu na mtu anayeijua kazi.

Sasa hilo neno ntakutafuta. Watu wetu hawapendi kumkatalia mtu usoni, hasa mtu aliyekuja kwa heshima akakaa akanywa chai. Kwa hiyo hapana inakuja imevaa nguo nyingi: ntakutafuta, ngoja nijipange, tutawasiliana, nikiongea na wenzangu ntakwambia. Fundi hajazoea hii, mashine haikudanganyi, inawaka au haiwaki, kwa hiyo utaamini zote, utaandika kwenye ripoti wateja 12 wako tayari na mwisho wa mwezi hakuna hata mmoja. Nilichojifunza ni kuuliza palepale kwa unyenyekevu bila kubana. Kama ni mama mtu mzima nasema mama, niambie kama mwanao, kinachokwamisha ni bei, au ni muda, au hujatuamini bado? Ukimpa njia ya kusema bila aibu anasema. Na akisema hela inapatikana baada ya kuvuna, hiyo sio kukataliwa, unaandika mwezi, unamrudia mwezi huo. Wakulima hela yao ina msimu. Shule na taasisi za serikali nazo zina msimu wao, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30, ukienda na wazo lako Mei bajeti ya mwaka ujao imeshaandaliwa bila wewe. Halafu ununuzi wao tangu 2023 unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kampuni yako kama haijajisajili humo utatembea bure, waulize mapema.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu alinionya ni jinsi siku inavyoisha. Ukiwa fundi unapandisha swichi, maji yanatoka, watoto wa pale wanapiga kelele wanakimbilia bomba, unafunga boksi lako unarudi nyumbani unajua leo umefanya kazi. Kwenye mauzo unaweza kuzunguka wiki nzima, umekunywa chai kwa watu 9, umetoa profoma 4 (zile karatasi za bei kabla ya oda), na Ijumaa jioni hakuna kitu cha kushika mkononi. Hii inaumiza mafundi kuliko kukataliwa kwenyewe, nimeona vijana wazuri wameacha mwezi wa nne kwa sababu hii tu, wakijiona hawafanyi kazi. Dawa niliyoipata ni daftari, kila siku naandika nimemuona nani, nimejua kitu gani ambacho asubuhi sikukijua, na hatua inayofuata ni ipi na tarehe gani. Kama nimejua kwamba anayeamua kwenye ile hoteli ni mama mwenye hoteli na sio yule injinia niliyekuwa namfata mwezi mzima, hiyo ni kazi imefanyika, naandika, nalala.

Na kuhusu kusema ukweli, hapo usije ukalegea hata siku moja. Itakuja siku kisima kinatoa lita 600 kwa saa na mteja anataka pampu ya lita 2,000 kwa saa kwa sababu jirani anayo, na wewe tageti imebaki kidogo tu ifike. Usimuuzie. Mwambie itavuta mpaka ikauke na kuungua, mpe ndogo inayofanya kazi mchana kutwa na tenki kubwa zaidi. Mteja wa hivo ndo atakayekupigia miaka 5 baadaye na kukupa namba ya shemeji yake. Vivyo hivyo kuna cha juu. Umekuwa fundi, unajua mtunza stoo au msimamizi anavyosema niongezee hapo laki 3 kwenye profoma. Kama fundi ulikuwa unaisikia kwa mbali, sasa itakuja mezani kwako. Kataa mara ya kwanza tu, kwa upole, maana ukikubali mara moja watu wa mji mdogo wanajua wote. Na sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haiishii serikalini, kampuni binafsi nazo zimo. Utapoteza oda kadhaa, nakwambia ukweli, na mimi nimezipoteza.

Haya, hela. Hapa nataka uwe fundi kabisa, pima kabla ya kukata. Unapoteza laki 3 kila mwezi. Kwa asilimia 2 ili tu urudi palepale ulipo leo unatakiwa uuze mil. 15 kila mwezi. Kwa mifumo ya mil. 6 hiyo ni kama miwili na nusu, kila mwezi, na wewe unaanza bila mteja hata mmoja, na toka kumuona mtu mpaka hela kuingia miezi 2 au 3 ni kawaida kabisa. Maana yake miezi mitatu ya mwanzo unaweza kula laki 6 tupu na mtoto anakuja. Sasa muulize bosi, kamisheni inahesabiwa mteja akitoa oda, ankara ikitoka, au hela ikiingia benki? Nyingi ni hela ikiingia, na kuna wateja wanalipa baada ya siku 90. Muulize pia inahesabiwa kabla au baada ya VAT, kama mzigo una VAT ya asilimia 18 basi mauzo ya mil. 11.8 kwako ni mil. 10, kamisheni ni laki 2 na sio 236,000. Muulize pia, mteja akija mwenyewe ofisini kutoka eneo lako anahesabiwa ni wa nani. Muulize usafiri na vocha ni juu ya nani, maana nimeona mtu kamisheni yake yote imeishia kwenye mafuta ya pikipiki. Na ujue kamisheni inakatwa PAYE, ile kodi ya mapato, kama mshahara, kipato cha kodi kikivuka mil. 1 kwa mwezi kila shilingi inayozidi inakatwa asilimia 30.

Mi ningeomba hivi: miezi 6 ya mwanzo walipe laki 9 yako ileile na kamisheni juu yake, hata wakiishusha iwe asilimia 1 kwa muda huo, afu baada ya hapo ndo mshahara ushuke na kamisheni ipande. Na iandikwe kwamba ikishindikana ndani ya miezi 6 unarudi karakana kwa mshahara wako wa zamani. Usione aibu kuomba, wewe ni fundi wa miaka 9, kukupoteza kunawauma wao. Na iwe kwa maandishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akitaka kubadilisha masharti yako ashauriane na wewe na akupe mabadiliko kwa maandishi, kwa hiyo huombi upendeleo hapo. Wakikataa yote hayo, miezi 6 hawataki, maandishi hawataki, kaa na spana zako uanze kuangalia kampuni nyingine, wanaotafuta mtu anayejua pampu na anayeweza kukaa na mkulima ni wengi. Na jiwekee akiba ya miezi 3 ya kodi ya nyumba na chakula kabla ya kusaini, kaa na mke wako mpige hizi hesabu pamoja, asije akashtukia tu hela imepungua mwezi anaojifungua.

Mambo mawili madogo nimalizie. Kadi yako wasikuandike Injinia wa Mauzo kama hujasajiliwa na ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, jina la injinia linalindwa na sheria, waandike Afisa Mauzo wa Kiufundi, inatosha na inapendeza. La pili ni mafundi wenzako. Usimwahidi mteja Jumanne kabla hujampigia fundi ukamuuliza Jumanne ana nafasi, hao ndo watakaokubeba au kukuangusha, na ukianza kuwapangia kazi bila kuwauliza watasema umeshakuwa bosi. Na mteja akikupigia kwamba pampu haivuti, mkono utawasha uende wewe mwenyewe. Pokea simu, msikilize vizuri, muunganishe na fundi, mpigie tena jioni kujua imeishia wapi. Ukienda wewe umepoteza siku 2 za kuuza na yule fundi mwenzako anajiona haaminiwi.

Multimita na kamba yako ya kupimia kisima usimwachie mtu. Ziweke kwenye begi la profoma, na ukifika kwa mteja omba kwanza uone kisima kabla ya kukaa kwenye kiti. Bosi akikujibu kuhusu ile miezi 6 niandikie, tuangalie huo mkataba kipengele kwa kipengele kabla hujasaini.